Gunia Mchana, Chuma Jioni: Nini Kinaupata Mgongo Unaponyanyua Kizito

Asubuhi moja msimu wa mavuno, katika kipindi chetu cha maswali ya wasikilizaji, alipiga simu kijana mmoja wa Kizwite. Jina hakutaka kulitaja. Alisema kazi yake ni kupakia na kushusha magunia ya mahindi, na jioni hukutana na wenzake uani kwa jirani kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe ni bomba la maji lenye kopo la rangi lililojazwa saruji kila upande. Siku tatu kabla ya simu ile, akiwa anainua gunia kutoka chini, alihisi kama kitu kimeachia kiunoni. Tangu siku hiyo hawezi kuinama kufunga kamba za viatu, na ganzi inamshuka mguu wa kushoto hadi kwenye kidole gumba.

"Sasa kaka mtangazaji," akauliza, "niache chuma au niache magunia? Mke wangu anasema chuma ndicho kimeniharibu. Lakini magunia ndiyo yanatulisha."

Nilimjibu haraka, kama tunavyofanya mara nyingi saa ikiwa inakimbia: "Pole sana ndugu yangu. Lala kitandani wiki nzima, usifanye chochote." Kisha tukaweka wimbo. Baadaye nilipokaa kusoma na kuuliza wanaojua, niligundua kwamba jibu langu halikuwa sahihi, na kwamba kuna mambo mawili muhimu ambayo sikumuuliza kabisa. Makala hii ni deni langu kwake, na kwa kila msikilizaji anayeishi kwa nguvu za mgongo wake.

Mgongo umejengwaje?

Uti wa mgongo ni pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili na pingili kuna kitu laini kama mto mdogo, ambacho madaktari wanakiita diski. Nje yake ni tabaka gumu la nyuzinyuzi, na ndani kuna ute mzito. Kazi ya diski ni kupokea uzito na kuuacha mgongo upinde bila mifupa kusagana. Pembeni mwa diski hupita mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni.

Ukisimama wima uzito hushuka sawasawa. Ukiinama mbele huku mgongo umepinda kama upinde, diski hubanwa zaidi upande wa mbele, na ute wake husukumwa nyuma, kule iliko mishipa ya fahamu. Ukibeba kitu kizito katika mkao huo, misuli ya kiuno inabidi ivute kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa mzigo wenyewe, kwa sababu mzigo uko mbali na mwili. Ni kama mtaimbo: mwenye kushika ncha fupi ndiye anayeumia.

Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya shinikizo vilivyochukuliwa kwa kifaa kidogo kilichowekwa ndani ya diski ya kiuno ya mtu mmoja aliyejitolea. Akiwa amelala kifudifudi, shinikizo lilikuwa 0.1 kwa kipimo cha megapaskali. Akiwa amesimama, 0.5. Alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa mgongo uliopinda, likapanda hadi 2.3. Alipoinua mzigo uleule kwa kukunja magoti, likawa 1.7. Na alipoushika mzigo karibu kabisa na kifua, likashuka hadi 1.1.

Tafadhali rudia hesabu hiyo polepole. Kilo 20 tu, ambazo ni kama debe moja la mahindi, zikiinuliwa vibaya zinaongeza shinikizo la diski zaidi ya mara nne ya lile la kusimama. Mzigo uleule ukikaa karibu na mwili, shinikizo linapungua kwa zaidi ya nusu. Mgongo unaangalia kilo, na unaangalia pia kilo hizo ziko umbali gani na kiuno chako.

Sasa gunia letu lina kilo ngapi?

Debe moja la mahindi lina takribani kilo 18 hadi 20. Gunia la debe sita, kwa hiyo, linapita kilo 100. Likishonewa kilemba juu, ile lumbesa tunayoijua wote, linapita zaidi.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na inakataza kufungasha mazao ya shambani kwa zaidi ya kilo 100. Tumeizungumza sana sheria hiyo redioni, lakini karibu kila mara kwa upande wa mkulima anayepunjwa bei. Ni mara chache tumeizungumza kwa upande wa mtu anayelibeba gunia hilo kichwani na mgongoni kulipandisha kwenye lori.

Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 mkataba kuhusu uzito wa juu wa mzigo ambao mfanyakazi mmoja anaweza kubebeshwa. Pendekezo lililoambatana na mkataba huo linataja kilo 55 kwa mwanaume mtu mzima, na linataka mizigo inayozidi hapo ipunguzwe haraka iwezekanavyo. Nchini Marekani, taasisi ya serikali inayotafiti usalama kazini inaanzia kilo 23, na hizo ni katika mazingira mazuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, hauko chini sana, na mbebaji hajipindi. Mazingira yakiharibika, kiwango kinashuka.

Wala tusiende mbali. Hapa hapa Tanzania, mizigo ya wapagazi wa Mlima Kilimanjaro hupimwa kwenye mizani getini, na kiwango kinachohimizwa kwa mzigo wa mgeni ni kilo 20. Wakenya nao mwaka 2019 walitunga kanuni za viazi zinazotaka mfuko usizidi kilo 50. Kwa hiyo jambo hili linawezekana Afrika Mashariki. Begi la mtalii lina mizani yake. Gunia la mahindi ya Ufipa, kwa anayelibeba, mara nyingi halina.

Je, kunyanyua vyuma ndiko kunakoharibu?

Mke wa yule kijana aliona chuma ndiye mshitakiwa. Wengi wetu tungesema vivyo hivyo, kwa kuwa chuma kinatisha ukikitazama. Lakini takwimu za michezo zinasema jambo jingine.

Watafiti waliofuatilia wanyanyuaji vyuma wa nchi mbalimbali wamekuta kwamba majeraha huwa machache tu kwa kila saa 1,000 za mazoezi, kwa kawaida hayafiki matano. Mechi za soka huumiza watu wengi zaidi kwa muda huohuo. Utafiti mmoja wa mwaka 1999, uliofanywa kwenye kambi za wanyanyuaji wa kiwango cha juu Marekani, ulionesha kwamba mgongo, magoti na mabega kwa pamoja yalibeba karibu theluthi mbili ya majeraha yote, na mengi yalikuwa ya misuli kuvutika na kano kuvimba. Yalikuwa majeraha ya kupona kwa muda mfupi, na ulemavu haukuwa jambo la kawaida.

Mchezo huu wenyewe umejifunza kutokana na miili ya wachezaji. Zamani kwenye Olimpiki kulikuwa na mitindo mitatu ya kunyanyua. Mmoja ulikuwa wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu ya kichwa kwa nguvu ya mikono. Wachezaji wakawa wanajitupa nyuma na kupinda kiuno ili wapate nguvu zaidi, waamuzi wakashindwa kuamua ni mpindo gani umezidi, na viuno vikawa vinaumia. Baada ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972, mtindo huo ukafutwa. Ikabaki miwili: kunyanyua moja kwa moja kutoka chini hadi juu ya kichwa, na kunyanyua kwa hatua mbili, kwanza mabegani kisha juu.

Mnyanyuaji wa Georgia, Lasha Talakhadze, mwaka 2021 alinyanyua kilo 267 kwa mtindo wa hatua mbili, uzito ambao hakuna aliyewahi kuufikia mashindanoni. Hizo ni zaidi ya magunia mawili na nusu kwa pamoja. Lakini angalia mazingira yake. Amejiandaa kwa miaka. Ana kocha. Chuma kina mahali pa kushika na uzito uko sawa pande zote mbili. Jukwaa halitelezi. Anakishikilia juu kwa sekunde chache, anakiachia kidondoke, anapumzika. Anarudi kesho au keshokutwa.

Mbeba gunia hana hata kimoja kati ya hivyo. Gunia halina mpini. Mahindi yanahama ndani. Ubao wa kupandia lori unanesa. Akibeba magunia 40 ya kilo 100 kwa siku amehamisha tani 4 kwa mwili wake, na kesho yake lori jingine linamsubiri. Misuli na diski hujirekebisha wakati wa kupumzika. Asiyepumzika anaongeza jeraha dogo juu ya jeraha dogo, mpaka siku moja gunia la kawaida kabisa linaonekana ndilo lililomvunja. Kumbe lilikuwa la mwisho tu katika foleni.

Hii haimaanishi kwamba vyuma vya uani ni salama. Makopo ya saruji mara nyingi hayalingani uzito, na tofauti ya kilo mbili au tatu inatosha kuupinda mgongo upande mmoja kila unaponyanyua. Kulala chali na kusukuma chuma kifuani bila mtu wa kukudaka ni hatari ya kufa, maana chuma kikikushinda kinakuangukia shingoni. Na aliyeshusha magunia tangu alfajiri anakwenda kwenye chuma jioni akiwa na mgongo ambao tayari umechoka. Mwili haujui kwamba hili ni kazi na lile ni mazoezi. Unajumlisha.

Majeraha yanayotokea zaidi

La kwanza ni misuli ya kiuno kuvutika au kuchanika kidogo. Hili ndilo linalowapata wengi. Maumivu yanakaa kiunoni, yanazidi ukijigeuza, na kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache hadi wiki chache. Asubuhi za baridi ya Juni na Julai hapa kwetu, ambapo upepo wa Lyamba lya Mfipa unaingia hadi ndani ya koti, watu wanaanza kubeba misuli ikiwa bado imekaza. Dakika tano hadi kumi za kutembea haraka na kuanza na mizigo midogo zinasaidia.

La pili ni diski kutoka mahali pake na kugusa mshipa wa fahamu. Hapo maumivu au ganzi hushuka kwenye tako, paja, hadi unyayoni. Ganzi ya yule kijana iliyofika kidole gumba cha mguu inaelekea huku, ingawa ni mtaalamu aliyempima ndiye anayeweza kusema kwa hakika. Habari njema ni kwamba wengi wa wenye tatizo hili hupata nafuu ndani ya wiki sita hadi kumi na mbili bila kupasuliwa.

La tatu ni bega na goti: kano kuvimba, au gegedu la goti kuchanika mtu anapogeuka na mzigo huku unyayo umebaki palepale.

La nne halizungumzwi sana, nalo ni presha. Unapobana pumzi na kusukuma uzito mkubwa, shinikizo la damu hupanda ghafla. Watafiti wa Kanada mwaka 1985 waliwapima vijana wenye afya wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu, wakakuta wastani wa 320 kwa 250, wakati kawaida ni kama 120 kwa 80. Kwa kijana mwenye mishipa mizima presha hiyo hushuka mara tu anapoachia. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu asilolijua, ni hatari. Kupima presha ni dakika mbili tu kwenye zahanati.

Na kuna mkojo. Mtu aliyejilazimisha kupita kiasi, hasa baada ya kukaa muda mrefu bila kazi nzito, misuli inaweza kuvunjika kwa wingi na taka zake zikaziba figo. Dalili ni misuli kuuma na kuvimba isivyo kawaida, na mkojo kuwa wa rangi ya chai kavu au soda nyeusi. Hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Ngiri: uvimbe unaofichwa

Hapa naomba wanaume wasome polepole. Kinena kina sehemu ambayo ukuta wa misuli ni dhaifu kiasili. Presha ya tumbo ikipanda mara kwa mara, kwa kunyanyua vizito, kwa kukohoa kwa muda mrefu au kwa kujikamua chooni, utumbo unaweza kupenya na kutokeza kama uvimbe kinenani, wakati mwingine hadi kwenye korodani. Ukilala unarudi, ukisimama unatoka. Hiyo ndiyo ngiri. Si laana, si kurogwa, na haihusiani na mambo ya ndoa. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayoziba tundu hilo. Tiba yake ni upasuaji.

Wengi huficha kwa aibu na kuendelea kubeba. Hatari ni siku ambayo utumbo utatoka na kukwama. Uvimbe unakuwa mgumu, unauma sana, haurudi, na mtu anaanza kutapika. Damu haifiki tena kwenye kipande kile cha utumbo, na baada ya saa kadhaa kinaanza kufa. Usisubiri asubuhi wala usikubali mtu aukande. Nenda hospitali usiku huohuo.

Kuna jambo moja la kutia moyo kutoka kwa jirani zetu. Upasuaji bora wa ngiri huweka wavu mdogo wa kuimarisha ukuta, na wavu wa kiwandani ni ghali mno kwa hospitali nyingi za Afrika. Huko Kamuli, mashariki mwa Uganda, madaktari wa Uganda na Sweden waliwafanyia upasuaji wanaume 302. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani, na nusu waliwekewa kitambaa cha chandarua kilichokatwa na kusafishwa kitaalamu hadi kisiwe na vijidudu. Matokeo yalichapishwa Januari 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa mgonjwa mmoja tu wa kundi la chandarua, na hakuna aliyerudiwa katika kundi la pili. Tofauti haikuwa ya maana kitabibu, ila bei ilitofautiana sana: takribani dola 1 kwa dola 125. Naongeza haraka: hii ni kazi ya chumba cha upasuaji, mtu asije akajaribu chochote nyumbani na chandarua chake.

Dalili za kutosubiri

Haya ndiyo mambo mawili niliyopaswa kumuuliza yule kijana hewani: mkojo unatoka vizuri? Na je, unahisi unapojigusa sehemu za siri na kwenye makalio?

Diski kubwa ikibana fungu la mishipa ya fahamu iliyo mwisho wa uti wa mgongo, mtu hushindwa kukojoa au haja inamtoka bila kujua, hupata ganzi sehemu inayogusa tandiko la baiskeli, na miguu yote miwili hulegea. Hii ni dharura ya upasuaji, na kila saa ina thamani. Anza na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Sumbawanga, na wao ndio watakaoamua kama upelekwe Mbeya au Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Nenda pia mapema kama nguvu za mguu zinapungua siku hadi siku, kama ulianguka na mzigo kutoka juu ya lori, au kama maumivu ya mgongo hayakuanza na mzigo wowote. Kwa hilo la mwisho nitaje ugonjwa mmoja kwa jina lake: kifua kikuu cha mgongo. Kinakuja polepole kwa wiki na miezi, kikiambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, na mgongo unaweza kuanza kutoa kinundu. Mbeba mizigo anadhani ni kazi, anaendelea kukandwa, huku pingili zinaliwa. Dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure.

Kitanda, sindano na kukandwa

Sasa kosa langu la hewani. Miaka ya zamani hata madaktari waliagiza kulala kitandani. Mwaka 1995 watafiti wa Finland waliwagawa wafanyakazi wenye maumivu mapya ya kiuno katika makundi matatu: kulala kitandani siku mbili, kufanya mazoezi maalumu ya mgongo, na kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka zaidi ni hao wa tatu. Misuli isiyotumika inalegea, na mgongo unakaza. Kwa hiyo, kwa maumivu yasiyo na dalili za hatari, acha kubeba vizito lakini usiache kutembea. Tembea mara kadhaa kwa siku, badilisha mkao, fanya kazi nyepesi.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache, zikinywewa baada ya chakula. Tatizo ni yule anayezimeza kila asubuhi ili aweze kubeba. Zikitumiwa hivyo zinachubua tumbo hadi kutoa vidonda na damu, zinaumiza figo na zinapandisha presha. Na kuna hasara nyingine: maumivu ni kengele. Ukiizima kengele na kurudi kubeba gunia la kilo 100, moto haujazimika. Pombe ya kupasha mwili kabla ya kazi inafanya vilevile, na juu ya hapo inakuondolea usawa juu ya ubao wa lori.

Kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa taratibu kunalegeza misuli na hakuna ubaya. Lakini kuvutwa kwa nguvu, kukanyagwa mgongoni au kugeuzwa kiuno hadi kilie, kwa mtu mwenye ganzi mguuni, kunaweza kuisukuma diski zaidi. Chale haziifikii diski, na wembe wa kushirikiana unaleta magonjwa mengine.

Namna ya kubeba ukiwa huna budi

Najua wengi watasema: mtangazaji, tumekuelewa, ila lori liko pale. Basi tuzungumze yanayowezekana.

Gunia lisiinuliwe na mtu mmoja kutoka chini. Hapo ndipo shinikizo linapokuwa kubwa kuliko yote. Wawili waliinue, wa tatu aingie chini yake akiwa amesimama, mgongo umenyooka. Kama kuna jukwaa, meza au rundo la kimo cha kiuno, mizigo ianzie hapo. Ukigeuka, geuza miguu, si kiuno. Usibane pumzi muda mrefu. Toa pumzi unaponyanyua. Ubao wa lori uwe mpana, umefungwa na haujalowa. Badilishaneni: aliyebeba awe mpangaji kwa muda, kisha mrudiane. Mkanda wa kiunoni si kinga. Unaweza kumfanya mtu ajione imara kuliko alivyo.

Akina mama wanaobeba ndoo na kuni kichwani nao wana somo la kutufundisha. Mwaka 1986 watafiti waliofanya kazi Kenya, akiwemo mwanasayansi wa Kenya Geoffrey Maloiy, walipima nguvu zinazotumiwa na wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba kwa kamba ya kipajini. Walikuta kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu hata kidogo. Kuanzia hapo kila kilo iliyoongezeka ilidai gharama yake. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, bila ndoo yenyewe.

Kwa wa vyuma: pimeni makopo yenu kwenye mizani ya dukani, yalingane. Jifunze mkao kwa bomba tupu kwanza. Ongeza kidogo kidogo, siku mbili au tatu kwa wiki, si kila jioni. Usisukume kifuani bila mdakaji. Watoto wasishindanishwe kwa uzito, kwa sababu mifupa yao bado inakua. Na siku uliyoshusha lori, hiyo tayari ni zoezi. Nenda kaoge ukale.

Nani analipa mgongo ukikatika?

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwajiri huuchangia ili mfanyakazi akiumia kazini atibiwe na kulipwa. Lakini mbeba magunia wa kulipwa kwa gunia, leo kwa tajiri huyu na kesho kwa yule, ni nani mwajiri wake? Akiumia, mara nyingi anayelipa ni mke wake, kaka yake, au ng'ombe wa baba yake kijijini.

Ndiyo maana suala la lumbesa si la mkulima peke yake. Wabebaji waliojiunga kwenye kikundi wanaweza kukataa kwa pamoja gunia lililopita kiwango, kuweka akiba ya matibabu, na kudai mahindi yafungwe kwenye mifuko ya kilo 50. Mmoja akikataa peke yake, mwingine anachukua nafasi yake kabla hajamaliza sentensi.

Turudi kwa yule kijana wa Kizwite. Ndugu yangu, kama unasoma au mtu anakusomea: swali lako lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Kwa sasa weka vyote viwili chini, chuma na gunia, lakini usilale, tembea. Ganzi hiyo ikapimwe wiki hii, na kama mkojo unakataa au miguu inalegea, nenda leo. Ukipona, chuma chepesi chenye mpango kinaweza hata kukujengea kiuno imara, kwa sababu chuma unachagua mwenyewe uzito wake na unakiweka chini unapochoka. Gunia amekuchagulia mtu mwingine. La kujadili na wenzako pale sokoni ni hilo zaidi kuliko vyuma vya uani.

Na ukipata nafuu, piga simu tena. Safari hii nitauliza kwanza, ndipo nijibu.